UZI: Faida ya kampuni ina nafasi gani kwenye mapato ya hisa huku kwetu? Nimepiga hesabu ya CRDB na Safaricom

MzaniWaIlala

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi mwingine mdau mmoja aliandika kwamba kusoma taarifa za fedha za kampuni za DSE na NSE, yaani masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi, ni kupoteza muda. Bei za huku zinakwenda na wawekezaji wa kigeni, alisema: wakiingia zinapanda, wakitoka zinashuka, basi. Wengi walimuunga mkono. Nilianza kumjibu pale pale, nikaona maneno matupu hayatatosha. Nimeshinda Jumamosi nzima na ripoti za mwaka za kampuni mbili, daftari na kikokotoo, na hiki ndicho nilichotoka nacho.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Faida na gawio vinaeleza sehemu kubwa ya kile mwenye hisa anachovuna kwenye masoko haya yanayochipukia, ila vinaeleza kwa kuchelewa. Na ndani ya huko kuchelewa kuna kitu kingine kinachoweza kukumaliza kabla faida haijafika kwenye bei.

Nianze na nyumba ya kupangisha. Umenunua nyumba Mbagala. Hela yako inarudi kwa njia tatu. Kwanza kodi unayopokea kila mwezi. Pili, kodi yenyewe kupanda. Tatu, siku ukiuza, mnunuzi anakubali kukulipa kodi ya miaka mingapi: zamani watu walilipa ya miaka minane, leo mwendokasi umefika wanalipa ya kumi na miwili. Hisa ni vivyo hivyo. Kuna gawio, kuna ukuaji wa faida kwa kila hisa, na kuna bei ambayo soko linakubali kulipa kwa kila shilingi moja ya faida, ule uwiano wengi mnauita PE. Zidisha ukuaji wa faida kwa mabadiliko ya huo uwiano, unapata mabadiliko ya bei bila kubaki hata senti. Kisha ongeza magawio. Hakuna pa kujificha: hisa ikipanda, lazima useme imepanda kwa kipi.

Sasa CRDB. Mwaka 2015 benki iliuza hisa mpya kwa wanahisa wake kwa shilingi 350 kila moja. Faida ya mwaka huo ilikuwa karibu bilioni 129. Mwaka 2016 ikashuka hadi bilioni 74 hivi, na 2017 ikawa bilioni 36. Mikopo chechefu ilikuwa inaila sekta nzima. Kufika 2018 uwiano wa mikopo mibovu kwa benki zote nchini ulikuwa umepita asilimia 10, wakati Benki Kuu inataka usizidi 5. Bei ya hisa ikaanguka, na haki yake ilikuwa hivyo.

Hapa ndipo naomba tukae kidogo. Mwaka 2018 faida ilirudi bilioni 64. Mwaka 2019 ikafika bilioni 120, zaidi ya mara tatu ya 2017. Bei je? Iliendelea kushuka! Mwisho wa 2018 ilikuwa karibu 150, mwisho wa 2019 karibu 95. Kampuni ina hisa bilioni 2.61, kwa hiyo faida ya 2019 ilikuwa kama shilingi 46 kwa kila hisa. Maana yake ulikuwa unanunua shilingi 46 za faida ya mwaka kwa shilingi 95. Uwiano wa mbili. Gawio la mwaka ule lilikuwa shilingi 17, yaani karibu asilimia 18 ya bei. Sikumbuki lini tena niliona kitu cha namna hiyo kwenye benki inayopata faida.

Tusogee hadi mwisho wa 2024. Bei karibu 670. Faida ya mwaka huo bilioni 551, sawa na shilingi 211 kwa hisa. Gawanyeni wenyewe: faida kwa hisa imekua mara 4.6, uwiano umetoka kama 2.1 hadi 3.2, yaani mara 1.5. 4.6 kwa 1.5 ni kama 7, na kweli bei imepanda mara saba. Sehemu kubwa ya safari imebebwa na faida. Wageni hawakuibeba, na uvumi haukuibeba.

Na magawio? Yaliyotangazwa kwa miaka ya 2019 hadi 2023 ni 17, 22, 36, 45 na 50. Jumla 170. Aliyenunua kwa 95 amerudishiwa hela yake yote na nyongeza juu, na hisa bado anayo. Hata ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5.

Nakuja na Safaricom kwenye chapisho linalofuata, maana pale hesabu inageuka kabisa.

MzaniWaIlala

Safaricom ya Kenya. Iliingia sokoni 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Agosti 2021 ilifika karibu 44. Faida kwa hisa ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa 1.71. Uwiano: karibu 26.

Robo ya mwisho ya 2023 hisa hiyo hiyo ilikuwa inauzwa kati ya 12 na 15. Tuchukue 13. Faida kwa hisa ya mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa 1.55. Uwiano: karibu 8.4.

Angalieni. Faida imepungua kwa asilimia 9 tu. Bei imepungua kwa asilimia 70. Ukizidisha, 0.91 ya faida kwa 0.33 ya uwiano ni 0.30. Hapa karibu kuanguka kote kumetoka kwenye kile ambacho watu walikubali kulipa kwa kila shilingi ya faida. Magawio ya miaka miwili, 1.39 na 1.20, yalipoza kidonda kidogo sana.

Kilichotokea tunakijua. Mwaka 2021 kampuni na washirika wake walilipa dola milioni 850 kwa leseni ya Ethiopia, na huduma zilipozinduliwa Oktoba 2022 hasara za mwanzo zikaanza kuingia kwenye vitabu. Hilo ni la kampuni yenyewe. Lakini Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri, na Julai 2023 ilikuwa imefika kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Shilingi ya Kenya ilitoka kama 109 kwa dola hadi karibu 160 Januari 2024. Hofu ilikuwa Kenya italipaje dola bilioni 2 za mkopo wa nje uliokuwa unaiva Juni 2024. Dhamana za serikali za siku 91 zilikuwa zinakaribia asilimia 16.

Jiweke kwenye nafasi ya meneja wa mfuko London. Anahitaji kutoa hela Kenya. Anauza nini? Anauza kinachouzika. Safaricom ndiyo iliyokuwa na wanunuzi kila siku, kwa hiyo ndiyo iliyouzwa kwanza. Hakuuza kwa sababu M-Pesa imeharibika.

Kwa hiyo yule mdau wa juzi ana ukweli wake, na nampa. Kwa miaka miwili au mitatu, kwenye hisa ambayo wageni wamejaa, uwiano unaweza kuizidi nguvu faida. Ninachomkatalia ni pale anaposema basi tusisome.

Nassoro_K

Nafuatilia. Ahsante kwa kuandika kwa namba.

MamaHisa

Kaka Mzani, nimesoma yote na nakushukuru, ila nina swali ambalo naomba usilipite. Namba za CRDB leo ni rahisi kuzisema kwa sababu tunajua zilivyokwenda. Mimi mwaka 2019 nilikuwa na hisa zake. Mume wangu alinishauri niuze, na kila mtu kwenye kikundi chetu alikuwa anauza. Bei imeshuka miaka minne mfululizo. Mtu wa kawaida wakati ule angeona nini kwenye ripoti ambacho sisi hatukukiona?

MzaniWaIlala

Dada, swali lako ndilo lenyewe. Ngoja nikujibu kwa kitu kimoja badala ya kumi.

Kwenye benki, kabla ya kutazama faida, tafuta mstari wa hasara inayotengwa kwa ajili ya mikopo mibovu. Ndiyo ulioifanya faida ya 2017 iwe bilioni 36. Faida ya benki iliyoumizwa na mikopo huwa na sura ya pekee: mapato ya riba hayajaanguka, ada za miamala zinaongezeka, matumizi hayajalipuka, ila katikati kuna shimo kubwa ambamo hela inatumbukia. Shimo likianza kuziba, hela yote iliyokuwa inatumbukia humo inashuka hadi chini kuwa faida. Benki haihitaji kukua ili faida ipande mara mbili. Inahitaji kuacha kuvuja.

Ukiweka taarifa za robo mwaka za 2018 na 2019 sambamba, zile zinazochapishwa magazetini kwenye ukurasa mmoja wenye maandishi madogo, ulikuwa unaliona shimo likipungua robo kwa robo. Halikuwa siri. Kwenye kona ya ule ukurasa kuna uwiano wa mikopo chechefu kwa mikopo yote, na ulikuwa unashuka.

Kwa nini soko halikuona? Nadhani kwa sababu bei ya huku inabeba kumbukumbu ya maumivu. Aliyenunua kwa 350 na kuiona 150 hataki tena kusikia neno robo mwaka, anataka atoke. Na hapo hakuna wachambuzi arobaini wanaoifuatilia kampuni moja kama New York. Habari inakaa magazetini wazi, haina mtu wa kuiokota.

Kipchumba254

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Uzi mzuri, lakini mimi ningeongeza jambo ambalo sisi Wakenya tulifunzwa kwa machungu: huku misingi ya kampuni inaweza kubadilishwa na sahihi moja.

Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria ya kudhibiti riba. Riba ya mkopo isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Hisa za benki zilianguka siku zile zile. Aliyekuwa amekaa na ripoti za benki za Equity na KCB za 2015 alikuwa anasoma historia ya nchi nyingine. Marufuku ile ilikaa hadi Novemba 2019. Kisha miezi michache baadaye ikaja korona, na Equity ikalirudisha kabatini gawio la shilingi 2.50 ambalo ilikuwa tayari imelipendekeza kwa mwaka 2019.

Pia usisahau mshindani mkubwa wa hisa hapa kwetu ni serikali yenyewe. Februari 2024 iliuza hatifungani ya miundombinu kwa wastani wa asilimia 18.46, bila kodi. Mzee wangu ana SACCO, ana shamba la chai, aliniuliza kwa nini achukue hisa inayolipa gawio la asilimia 9 huku akitozwa kodi, wakati serikali inampa 18 mkononi. Sikuwa na jibu la maana.

MzaniWaIlala

Mkuu Kipchumba, swali la mzee ni la haki na jibu lake liko ndani ya hesabu yenyewe. Serikali ikilipa 18, hisa inayolipa 9 lazima ishuke hadi mtu aone inamlipa vya kutosha kwa kuvumilia hatari. Ndiyo maana ya uwiano kutoka 26 hadi 8. Na ndiyo maana hatari ya Eurobondi (hatifungani za ule mkopo wa nje wa dola bilioni 2) ilipotulia, Kenya ilipozinunua sehemu kubwa mapema Februari 2024 na shilingi kurudi hadi karibu 130, hisa zikaanza kupumua kabla faida haijabadilika. Safaricom ilimaliza 2024 karibu na 17. Faida kwa hisa ilikuwa 1.57. Ile ile.

Kuhusu sheria ya riba nakubali kabisa, na hapo ndipo uchambuzi wa huku unatofautiana na wa vitabuni. Anayesoma benki ya Nairobi lazima asome pia ajenda za Bunge.

Msomi_wa_Mlimani

Naomba nichangie kutoka upande wa utafiti, maana jambo hili limechimbwa miaka mingi.

Eugene Fama na Kenneth French walionyesha mwaka 1992, kwa hisa za Marekani, kwamba ukubwa wa kampuni na uwiano wa thamani ya vitabuni (mali za kampuni ukitoa madeni yake) kwa bei ya soko vinaeleza tofauti za mapato ya hisa vizuri kuliko kipimo cha zamani cha hatari ya soko. Swali likawa: je, ni ya Marekani tu? Mwaka 1999 Geert Rouwenhorst alichapisha utafiti wa kampuni 1,705 kutoka masoko 20 yanayochipukia. Alikuta mambo yale yale: kampuni ndogo zilipita kubwa, zenye bei ya chini kulingana na misingi yake zilipita za bei kali, na zilizokuwa zinapanda ziliendelea kupanda kwa muda. Lakini la muhimu kwa uzi huu ni hili: mienendo hiyo haikwenda pamoja kati ya nchi na nchi. Ya Brazili ilikuwa ya Brazili, ya Malaysia ilikuwa ya Malaysia.

Mwaka 2000 Morck, Yeung na Yu wakaja na upande wa yule mdau wa juzi. Walipima ni kiasi gani hisa za nchi moja hupanda na kushuka kwa pamoja. Nchi maskini hisa zilitembea kama kundi, Poland na China zikiwa miongoni mwa zilizoongoza. Nchi tajiri kila hisa ilikwenda na habari zake. Hawakusema ni kwa sababu ya umaskini wenyewe. Walielekeza kidole kwenye ulinzi dhaifu wa haki za mwekezaji. Pale ambapo wenye nguvu ndani ya kampuni wanaweza kuichota faida kabla haijamfikia mwanahisa mdogo, hakuna anayepata sababu ya kuichimba hiyo faida.

Na China ina kisa chake. Liu, Stambaugh na Yuan, mwaka 2019, walilazimika kuondoa asilimia 30 ya kampuni ndogo kabisa kwenye hesabu zao. Sababu ni kwamba kupata kibali cha kuorodheshwa China kulikuwa kugumu kiasi kwamba kampuni ndogo iliyokwisha kuorodheshwa ilikuwa na thamani kama ganda: kampuni nyingine inainunua iingie sokoni kupitia humo. Bei yake haikuwa na uhusiano na biashara yake. Baada ya kuyaondoa hayo maganda, faida kwa bei ndiyo ikaonekana kipimo bora, kuliko thamani ya vitabuni.

MzaniWaIlala

Mwalimu, ahsante sana. Hilo la maganda nimelipenda kwa sababu linagusa kosa langu mwenyewe, na nalisema hapa ili mwenzangu asilirudie.

Miaka kumi hivi iliyopita nilinunua hisa za kampuni moja ya Nairobi, jina nalihifadhi. Uwiano wa bei kwa faida ulikuwa 3. Thamani ya vitabuni ilikuwa mara mbili ya bei. Nilijiona nimeokota dhahabu. Nilisoma ukurasa wa faida na hasara, nikasoma mizania, nikaridhika.

Sikusoma ukurasa wa mtiririko wa fedha, ule unaoonyesha hela halisi iliyoingia na kutoka. Ningesoma, ningeona mstari wa kwanza kabisa unaoanza na faida kabla ya kodi, na chini yake tu kuna makato makubwa kwenye mabano: ongezeko la thamani ya ardhi na majengo ya uwekezaji. Karibu faida yote ilikuwa mthamini ameandika kwamba kiwanja cha mwaka jana sasa kina thamani zaidi. Kanuni za uhasibu zinaruhusu kuiweka kwenye faida. Lakini hakuna aliyelipa hata shilingi. Ukitoa hiyo, shughuli zenyewe za kampuni zilikuwa zinakula hela badala ya kuzaa. Nilikaa miaka minne bila gawio, nikauza kwa chini ya nusu.

Tangu siku hiyo huwa naanza na mtiririko wa fedha, halafu gawio, halafu ndio naifikia faida. Gawio kwa huku lina uzito kuliko New York. Mwanahisa mdogo hana njia nyingine ya kuhakikisha faida ni ya kweli zaidi ya kuiona imeingia kwenye akaunti yake.

BahariYaMuscat

Assalaam alaykum. Mimi niko Oman, natuma hela nyumbani na sehemu nanunua hisa. Mnazungumza kwa shilingi. Kwa sisi tunaopokea riyali, ambayo imefungwa kwenye dola, hesabu hii inabaki vile vile?

MzaniWaIlala

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwako kuna fungu la nne, sarafu.

Shilingi ya Tanzania mwisho wa 2019 ilikuwa karibu 2,300 kwa dola. Mwaka 2024 katikati ilifika hadi kwenye 2,700 hivi, ikarudi, na mwaka ukaisha ikiwa karibu 2,400. Kwa hiyo mara saba ya CRDB kwako inabaki kati ya sita na saba. Sarafu haikukuumiza.

Safaricom ni kinyume. Shilingi 44 za Agosti 2021 kwa 109 ni kama senti 40 za dola. Shilingi 13 za mwisho wa 2023 kwa 155 ni kama senti 8. Mkenya amepoteza asilimia 70, wewe umepoteza karibu 80. Na mara nyingi vitu hivi viwili huja pamoja: kile kile kinachowatoa wageni kwenye hisa ndicho kinachoiangusha sarafu.

Zuhura_Mhasibu

Nimejifungia ofisini wakati wa chakula cha mchana nikafanya hesabu ya benki ya NMB kwa mtindo wako, maana nilitaka kuona kama CRDB ni bahati tu. Naomba unikosoe.

Mwisho wa 2019 bei ilikuwa 2,340. Faida bilioni 142, hisa milioni 500, kwa hiyo 284 kwa hisa. Uwiano 8.2. Mwisho wa 2023 bei karibu 4,500, faida bilioni 542, kwa hisa 1,084. Uwiano 4.2. Faida imekua mara 3.8, uwiano umepungua hadi nusu, bei imepanda mara 1.9.

Nikachukua CRDB kwa kipindi hicho hicho ili zilingane. Faida kutoka bilioni 120 hadi 423, mara 3.5. Bei kutoka 95 hadi karibu 460, mara 4.8.

Magawio ya miaka ya 2019 hadi 2022: NMB 96, 137, 193 na 286, jumla 712, ambayo ni asilimia 30 ya bei ya kununulia. CRDB jumla 120, ambayo ni asilimia 126 ya bei ya kununulia.

Benki mbili, nchi moja, miaka ile ile, wateja karibu wale wale. NMB imekuza faida kuliko CRDB. Lakini mwanahisa wa CRDB amevuna zaidi ya mara mbili. Nimerudia mara tatu, namba ni hizo hizo.

MzaniWaIlala

Dada Zuhura, hesabu yako iko sawa, na imenirekebisha mimi.

Chapisho langu la kwanza nilisema safari ya CRDB imebebwa na ukuaji wa faida. Ni kweli kwa CRDB ikiwa peke yake. Lakini ulipoiweka kando ya NMB, ukuaji unakuwa karibu sawa, tena NMB mbele kidogo, kwa hiyo hauwezi kuwa ndio unaoeleza tofauti ya mapato. Kinacholeta tofauti ni bei ya siku ya kwanza: mmoja alianza kwa uwiano wa 2, mwingine kwa 8. Faida ya NMB ilipanda karibu mara nne, na nusu ya kazi hiyo iliishia kulipia ughali wa mwanzo. Hiki ndicho Msomi alichotueleza kwa maneno ya kitafiti, sasa tumekiona kwa hisa tunazozijua.

Naongeza jambo moja kuhusu ile 2,340. Kampuni ya uwekezaji ya Arise ina asilimia 34.9 ya NMB na Serikali ina 31.8. Theluthi tu ndiyo iko kwa watu wengine, na wengi wao hawauzi. Nakumbuka nimekaa kwa dalali wangu mtaani Samora nikiangalia skrini: upande wa kununua kuna oda ya hisa 200, upande wa kuuza kuna oda ya hisa 150 kwa bei ya juu zaidi, na hakuna kilichofungwa hadi jioni. Kesho yake gazeti linaandika bei ya kufunga ni 2,340. Keshokutwa 2,340. Bei ile ilikuwa inasimama kwa sababu hakuna anayefanya biashara. CRDB ina maelfu ya wanahisa wadogo, wakaogopa, wakauza kweli, ikafika 95. Kwa hiyo katika zile bei mbili za mwisho wa 2019, ya CRDB ilikuwa imepatikana kwa watu kuuziana, na ya NMB kwa sehemu kubwa ilikuwa imeandikwa ubaoni tu.

Kwa maana hiyo ule uwiano wa 8.2 tuutazame kwa tahadhari. Dada, kama una muda, tafuta kwenye ripoti za soko za 2019 idadi ya hisa za NMB zilizouzwa kwa mwezi, tuiweke hapa pembeni ya hesabu yako. Mimi nitafanya ya CRDB leo usiku.

Zuhura_Mhasibu

Naanza na Januari. Nitaleta.